Mizinga Kumi na Miwili ya Duluti

Eliamini alikuwa mchonga mizinga, na ninaposema mizinga nina maana ya ile ya nyuki. Naliweka wazi jambo hili mapema kwa sababu yeye hakuliweka wazi, na mgongo wake ukalipia.

Aliishi juu kidogo ya Tengeru, katikati ya migomba, yeye na mkewe Ndeshi. Ulikuwa mwaka 1911, Wadachi, yaani Wajerumani, wamekwisha kujenga boma lao Arusha na kutuzoea, naye alikuwa na miaka thelathini na moja hivi. Kazi ya mikono yake ilijulikana mpaka Kikatiti. Aliangusha mringaringa, akakata kipande, akakichimba kwa tezo mpaka upande mmoja ukaona wa pili, kisha akakizamisha kijitoni majuma manne. Hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Mti mbichi ukiachwa juani unapasuka; ukikaa majini, utomvu hutoka polepole na mti hutulia. Wachongaji wavivu waliyaruka majuma hayo manne, halafu wakalaumu mti.

Lakini msituni, ambako mizinga ya ukoo wake ilining'inia kila penye mti wa maana, Eliamini hakuwa na hata mmoja. Alichonga ya wenzake, akaitia alama za wenzake, akawasaidia kuibeba mpaka chini ya mti, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Kisa ni alama. Kila mwanamume alikuwa na alama iliyochongwa kando ya tundu la nyuki, na alama hiyo haikuokotwa wala kubuniwa. Mtu alipewa na baba yake. Baba alichonga alama yake mwenyewe, akaongeza chale moja ndogo upande wa kulia, basi, huyo ni mwana, atundike. Chale ikikaa kushoto ina maana nyingine kabisa: mzinga umeuzwa, umetoka katika ukoo, asiudai mtu. Baba akifa, mwana mkubwa aliichukua alama nzima bila chale. Ila asiyechongewa chale baba yake akiwa hai hakuwa na cha kuchukua, na hakuna baba mdogo wala mjomba aliyeweza kumchongea kwa huruma.

Eliamini hakuchongewa. Baba yake, Koikai, aliuawa mwaka wa vita. Kwa hiyo kwenye pombe ya ukoo alikaa mlangoni pamoja na vijana wasiooa, yeye mwenye mke na ndevu. Watu walidhani ameshazoea. Hakuzoea hata siku moja, iliuma kila mara kama mara ya kwanza.

Siku aliyokufa baba yake aliikumbuka kwa hasira zaidi kuliko kwa majonzi. Askari wa Wadachi walikuwa wakipanda kutoka bondeni, wakichoma nyumba na kukata migomba. Wanaume kumi na wawili walichukua mzinga wa kwanza wa kila nyumba, ule wa zamani, wakaiteremsha yote hadi ziwa Duluti. Waliijaza mawe, wakaisukuma kutoka ukingoni, penye kina cha watu wawili. Moto hautaifuata huko, walisema, na mti huu hauogopi maji. Eliamini, kijana wa miaka kumi na sita, alisimama juu akitazama moshi. Kumi na mmoja wakamaliza. Koikai alikuwa bado ameinama juu ya mzinga wake, tezo mkononi, anagongagonga.

"Baba, wanakuja," Eliamini aliita.

"Ngoja kidogo," Koikai alijibu.

Akaita tena, akajibiwa vilevile. Mwishowe mzinga ukazama, wakakimbia, na kwa kuwa walikuwa wa mwisho njiani, risasi ziliwakuta wao. Moja ilimwingia Koikai mgongoni. Alizikwa upesi mahali ambapo siku hizi pana shamba la mlowezi, na hakuna ajuaye ni wapi hasa.

Kwa miaka kumi na mitano Eliamini alijiuliza baba yake alikuwa anatengeneza nini kwenye gogo linalokwenda kuzamishwa. Labda alikuwa anakaza kifuniko. Mtu mzima afe kwa ajili ya kifuniko. Alimwambia Ndeshi peke yake jambo hili, na Ndeshi alijua asilijibu.

Waliosalimika walikubaliana kwamba mizinga itatolewa siku ambayo wenyewe wote watakuwapo. Hawakupata kuwapo wote tena. Vita ilichukua wengine, ndui ikamaliza waliobaki. Basi mizinga ikakaa kulekule, na upande ule wa ziwa ukaheshimiwa kama kaburi. Watu hawakuoga pale, wala ng'ombe hawakunyweshwa.

Mambo yangeendelea hivyo kimya kimya kama Eliamini angekijua Kiswahili vizuri, au asingekijua kabisa. Alikijua nusu, ambayo ndiyo hatari. Alikiokota alipokuwa akibeba mawe ya kujengea boma. Siku moja alikuta ombasha, yaani koplo, mtu wa pwani, amepumzika ziwani na askari wake, nyumbu wao wanakunywa maji upande uleule usionywewa. Akamwomba kwa adabu awahamishe.

"Kwani humo mna nini?" ombasha aliuliza.

"Mizinga."

Ombasha akakaa wima. "Mingapi?"

"Kumi na miwili. Baba yangu na wenzake waliizamisha mwaka wa vita, Wadachi wasiipate."

"Bado mizima?"

"Mizima kabisa. Na tumbo zake wameijaza mawe."

Sasa, hebu jiweke mahali pa ombasha. Kambini alikolala, mzinga ni kitu cha chuma chenye magurudumu kinachotema moto, na mtu huyu wa mlimani anamwambia viko kumi na viwili, vizima, vimejazwa. Hakungoja kusikia zaidi. Eliamini alirudi nyumbani akamsimulia mkewe jinsi askari yule alivyokuwa mwungwana, kasikia mara moja akaondoa nyumbu.

Siku ya tatu akaja afisa mmoja na watu arobaini, kamba na kulabu. Walivuta asubuhi nzima. Kilichotoka kilikuwa gogo jeusi lenye tundu, maji yanachuruzika. Afisa alitia mkono ndani, akatoa jiwe la mtoni, akalitazama.

"Nini hii?"

"Mzinga," alisema Eliamini, na alilisema kwa fahari, kwa sababu ulikuwa mzima kama ulivyoingia.

"Na mizinga iko wapi?"

"Ndiyo hii, bwana."

Askari mmoja alicheka. Kicheko kile kilimponza Eliamini kuliko kosa lenyewe. Afisa akaamuru hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, na Eliamini alichapwa kumi na vitano. Kumi vilisamehewa kwa sababu chakula kilikuwa tayari.

Mzinga ule ulikuwa wa marehemu Lesikar. Ulitupwa majanini, juani, na askari akawekwa kuulinda, sijui dhidi ya nani. Eliamini alikuwa amelala kifudifudi kwake, Ndeshi anampaka mafuta, naye anasema kitu kimoja tu: waufunike kwa majani ya mgomba mabichi, waumwagie maji. Hakuna aliyethubutu kusogea. Siku ya tatu mti ukaanza kulia, ta, ta, unapasuka. Siku ya tano alama ya Lesikar ilibanduka kama gamba la kidonda. Mjane wake, bibi kizee Nashilu, alikuja akaokota vibanzi kimoja kimoja akavitia katika nguo yake.

"Miaka yote nilijua yuko wapi," alisema. "Sasa yuko wapi?"

Alijifunga nguo yake akaondoka.

Mtu mmoja zaidi aliyaona haya. Alikuwa Mdachi asiye askari, Bwana Rotmann, msomi aliyekuwa akipima vina vya maziwa kuanzia Momela hadi huku. Alama ya Lesikar aliichora siku ya kwanza katika daftari lake, na siku ya tano alipokuja kuitazama tena alikuta vibanzi. Hii ikamsumbua. Alitaka ile kumi na mmoja iliyobaki itolewe yote upesi, ifungwe kwa magunia mabichi, ipelekwe kwao katika nyumba ya vitu vya kale. Afisa alikuwa radhi. Eliamini aliposikia aliinuka na mgongo wake hivyohivyo, akamfuata Rotmann hemani kwake. Mmoja katika ile kumi na mmoja ulikuwa wa Koikai, na nje ya mzinga ule baba yake hakuacha kitu hapa duniani, hata rundo la mawe.

"Bwana, kutoka hapa mpaka kwenu ni siku ngapi?"

"Arobaini."

"Magunia yatakuwa mabichi siku arobaini?"

Rotmann alifungua daftari lake penye alama ya Lesikar.

"Unataka mti au unataka alama?"

Yule mtu aliwaza. Nitamsifu kwa hilo, wengi wa namna yake hawakuwaza. "Alama," alisema.

"Basi mti uache. Alama nitakuletea mimi."

Akapewa siku kumi na mbili, mpaka msafara wa Rotmann utakapoondoka kwenda Moshi. Akishindwa, kulabu zinarudi.

Aliyeyusha nta, akaichanganya na mafuta ya kondoo, akaikanda mpaka ikawa laini kama ndizi iliyoiva sana. Akafunga chelezo cha vigogo vya migomba. Akashika jiwe zito, akazama nalo. Chini kulikuwa kijani, halafu kweusi. Macho hayakuwa na kazi. Alitafuta kwa vidole, akafuta matope kwa kipande cha ngozi ya kondoo, akagandamiza nta juu ya alama, akahesabu mpaka kifua kikakataa, akaibandua polepole. Ya kwanza ilitoka na matope matupu. Ya pili ikatoka nusu. Ya tatu alipoitoa juu, alama ilikuwapo yote, hata mikwaruzo ya tezo ya mtu aliyekufa zamani. Aliitazama muda mrefu.

Ndeshi alikaa ukingoni ameshika kamba. Kwa kila mzinga walifunga fundo: umbali kutoka mti gani, kina kiasi gani. Na kila alipomaliza, Eliamini alirudisha matope juu ya alama kama alivyoyakuta. Rotmann akamwuliza kwa nini anajisumbua.

"Ndiyo blanketi lake," alijibu.

Alama za wale wazee zilikuwa za kizamani, mduara, mkuki, pembe mbili za fahali, ambazo kushoto kwake na kulia kwake ni sawasawa. Chale tu ndiyo yenye upande, na mizinga ile ya wazee wenyewe haikuwa na chale. Yakumbuke haya, maana yeye hayakumpitia kichwani.

Wa Koikai aliuacha mpaka mwisho. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kusema anaogopa. Alipozama, vidole vikapata mduara, vikapata fito mbili chini yake, ndiyo yenyewe. Kisha vikapita juu ya kitu kidogo ambacho hakukitegemea. Kichwa chini, miguu juu, katika giza lile, mtu hajui hata kulia kwake ni wapi. Alibandika nta, akapanda juu, akafuta maji usoni, akatazama. Kando ya fito palikuwa na chale.

Hakuvaa hata nguo vizuri. Alipanda mlima moja kwa moja mpaka kwa baba yake mdogo, Mikaeli, mdogo wake Koikai, aliyekuwa mwangalizi wa msitu wa ukoo. Hakuna aliyetundika bila ruhusa yake. Mikaeli alikuwa mzee wa haki, haki ya kuudhi, asiyeweza kupindisha neno hata kwa mtoto wa nduguye. Siku ya vita alikuwa amepeleka ng'ombe msituni juu. Yaliyotokea ziwani hakuyaona.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona umelowa?"

Eliamini akampa nta. Mzee aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Ni alama ya kaka," alisema. "Na chale ipo."

"Ipo."

"Iko kushoto."

Eliamini alitazama, na kweli ilikuwa kushoto. Katika furaha yake aliona chale tu, upande hakuuona.

"Kaka aliuuza mzinga huu," Mikaeli alisema.

"Amwuzie nani siku ile, baba mdogo, na moshi ule?"

"Mimi sikuwapo. Nasoma kilichochongwa." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa sababu alimpenda kwa namna yake: "Ungeuacha tu huko chini, mwanangu."

Alirudi nyumbani akaketi. Ndeshi alimpakulia, hakula. Afadhali ilivyokuwa zamani, alimwambia. Zamani alikuwa mtu ambaye baba yake hakuwahi kumchongea, sasa ni mtu ambaye baba yake alitumia dakika zake za mwisho kuitoa nyumba yake katika ukoo. Ndeshi aliuliza swali moja: "Kwani nta haisemi uongo?" Alilisema kwa uchungu tu, bila kukusudia lolote. Lakini kulipokucha Eliamini bado alikuwa nalo.

Uani palikuwa na mzinga alioumaliza juzi yake kwa ajili ya mwana wa jirani aliyekwisha kuchongewa na baba yake, chale upande wa kulia, ameichonga mwenyewe kwa mkono wake. Alikanda nta, akaibandika, akaibandua. Chale ilikuwa kushoto. Akarudia. Kushoto tena. Miaka kumi na zaidi anachonga alama, na hakuwahi kuiona hata moja kutoka upande wa ndani.

Alimkuta Mikaeli akiota jua asubuhi. Chini ya paa la nyumba palilala mzinga wa zamani wa mzee mwenyewe, wenye chale yake.

"Baba mdogo, chale yako iko upande gani?"

"Kulia. Babu yako aliichonga mbele ya watu. Unaulizaje?"

Eliamini aliinama, akabandika nta pale, akaibandua, akampa. Mzee akatazama. Akautazama mzinga. Akaitazama tena nta.

"Basi na wewe umeuzwa," Eliamini alisema.

Mikaeli hakucheka. Aliirudisha nta mahali pake, akaitoa, akairudisha, kama mtu anayefungua na kufunga mlango ajue unakwendaje. Halafu akaiomba ile ya Koikai. Alichota udongo wa kichuguu, akaulowesha, akaukanda, akaugandamiza ndani ya nta kwa mikono yake mwenyewe. Alipoubandua, mduara ulikuwapo, fito mbili zilikuwapo, na chale ilikuwa kulia.

"Sielewi jambo moja," mzee alisema. "Mzinga huu nilikula asali yake siku nane kabla ya vita. Haukuwa na chale. Kaka aliichonga lini?"

Ile tezo. Kule kugongagonga. Wenzake kumi na mmoja wamekwisha kukimbia, moshi unakaribia, na mtu ameinama juu ya gogo kwa sababu hajui kama kutakuwa na siku nyingine ya kumchongea mwanawe. Alilia pale uani mbele ya baba yake mdogo, mtu mzima na ndevu zake, wala hakujificha.

"Mimi nilimwambia afanye haraka," alisema. "Nilimwambia mara mbili."

"Naye hakufanya," Mikaeli alisema. Akaliweka lile donge la udongo mahali pasipofika mvua. "Baba yako amekufa. Ichukue nzima. Msitu unaujua."

Rotmann aliondoka na nta kumi na moja zilizopangwa katika makasha na nyasi kavu. Kando ya ile ya Koikai aliandika kwamba kuna chale moja ambayo maana yake haijulikani, na Eliamini, aliyekuwa amesimama hapohapo, hakuona sababu ya kumjulisha. Mizinga kumi na mmoja ilibaki chini ya matope yake. Ile kamba yenye mafundo Eliamini aliitunza, na ziwa akalitunza pia, na Waingereza walipokuja miaka mitano baadaye na mmoja wao akauliza humo ndani mna nini, alijibu, "Magogo, bwana." Kiswahili chake kilikuwa kimekomaa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mwaka uleule, mvua za vuli zilipokaribia, alitoa kijitoni mzinga wa mringaringa uliotimiza majuma yake manne, akaubeba na Ndeshi mpaka chini ya mti aliouchagua. Alichonga mduara. Akachonga fito mbili. Hapo alama ilikuwa imekamilika, maana baba akishakufa mwana hahitaji chale. Eliamini akauzungusha mzinga kidogo, akashika tezo tena, akaanza kugonga upande wa kulia, palepale baba yake alipogonga.

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka mitini. Ndeshi, aliyekwisha kuirusha kamba juu ya tawi, alimwita afanye upesi, mvua inakuja.

"Ngoja kidogo," alisema Eliamini.